Gobore la mjomba na nguruwe wenye mbawa

Siku hizi ukitaja uwindaji mtu anakuja na picha ya Wazungu, Land Rover isiyo na paa, bunduki ya darubini na vijana wa kubeba maji. Sisi tuliokulia kwenye vile vimji vya reli ya kati mkoani Tabora miaka ya 70 na 80 uwindaji wetu ulikuwa gobore moja, mbwa mmoja mwoga na mjomba mmoja mwenye maneno mengi. Na pori lenyewe wala halikuwa safari, unavuka reli, unapita mashamba ya mahindi na karanga, mara unaona mininga na mitundu imeanza, hapo ushafika, ukitega sikio bado unasikia mashine ya kusaga kule mjini.

Sasa kwa wasiolijua gobore ngoja nieleze kidogo maana bila hivyo mkasa hautaeleweka. Gobore sio bunduki ya kubinya tu ikalia. Gobore linapikwa. Unamimina baruti kwenye mdomo wa mtutu, unashindilia na mdeki, unatia nyuzi za katani au kipande cha gunia, unashindilia tena, unaweka risasi zako, nyuzi tena, unashindilia mpaka roho itulie, halafu nyuma kule kwenye kile kinundu chenye tundu unavalisha fataki. Nyundo ikiangukia fataki cheche inaingia tunduni, baruti inawaka, kinachotoka mbele kinategemea ulitia nini na kinachotoka nyuma ni teke la bega utakalolala nalo wiki. Ukikosa, mnyama ana muda wa kukuangalia vizuri, kukudharau na kuondoka kwa mwendo wa kawaida, kwa sababu mpaka umalize kushindilia upya yeye yuko wilaya nyingine.

Na kuna jambo la pili ambalo naomba mlishike: gobore likishashindiliwa ndo basi, limeshashindiliwa. Hakuna cha kutoa risasi ukaitia mfukoni. Ama ulipige, ama uanze kulichokonoa baruti kwa kichokonoo kupitia mdomo wa mtutu, kazi ambayo mjomba alisema ni ya watu wasio na familia.

Mjomba alikuwa fundi baiskeli chini ya mwembe karibu na stesheni, kwa hiyo risasi zake zilikuwa gololi za beringi. Phoenix, Swala, baiskeli yoyote iliyokufa mjini pale ujue siku moja gololi zake zitapita porini kwa kasi. Kibali cha gobore alikuwa nacho, kimekunjwa ndani ya nailoni, na alipenda kukitoa hata pale ambapo hakuna aliyeuliza. Mwaka 1973 serikali ilipopiga marufuku uwindaji nchi nzima, mpaka ikaja kufunguliwa tena 1978, mjomba ile miaka aliihesabu kama kifungo, sio chake, cha gobore. Alikuwa analishusha ukutani kila Ijumaa baada ya swala, analipaka oili ya cheni, analifuta, analirudisha, na akiwa anafuta anaongea nalo kwa sauti ya chini. Mke wake aliwahi kusema mbele za watu kwamba yeye hajawahi kuongeleshwa vile tangu aolewe.

Uwindaji ulipofunguliwa ukaja na masharti yake, leseni, msimu, mnyama gani na mnyama gani, na mtu wa kukupa au kukunyima alikuwa Bwana Nyama. Bwana Nyama wetu alikuwa mtu mwembamba, kofia ya kaki, baiskeli ya serikali ambayo ilikuwa inatengenezwa na nani? Na mjomba. Kwa hiyo walikuwa wanaelewana ila kila mmoja anamvizia mwenzie. Kipindi mahindi yanakaribia kukomaa nguruwe pori wanaingia mashambani usiku wanavuruga ekari nzima, basi Bwana Nyama akampa mjomba ruhusa ya kulinda mashamba, apige nguruwe na ngedere, basi. Naamini kabisa alipiga hesabu: huyu ni Muislamu, hali nguruwe, ngedere hali, nikimpa ruhusa hii hatakuwa na tamaa ya kuzidisha. Hesabu nzuri sana kwenye karatasi.

Tatizo ni kwamba nguruwe wa mjomba walikuwa na mbawa. Walikuwa na madoa meupe mwili mzima, kichwa cha bluu, wanatembea makundi makundi wanapiga kelele kekeke kwenye mashamba ya karanga, na wakiungwa karanga hizohizo walikuwa watamu mno. Yaani kanga. Mjomba aliwaita nguruwe hata ndani ya nyumba, ili tuzoee. "Leo nguruwe ana mayai," anasema, anatafuna paja. Kazi yangu mimi kwenye timu ilikuwa kisu. Mjomba anapiga bismillahi, anafyatua, mimi natakiwa nichomoke mbio ndani ya moshi nikamuwahi ndege kabla hajakata roho nimchinje ikawa halali, na nikichelewa ni msiba, kwa sababu mjomba kwa kibudu alikuwa hana masihara hata kidogo, anamtupa palepale na njia nzima ya kurudi nasemwa. Mbio zangu zote za shule nilizijengea pale.

Mbwa naye nimtaje. Aliitwa Hamniwezi. Jina alipewa na mjomba likiwalenga majirani fulani, lakini mbwa mwenyewe alikuwa anawezwa na kila kitu, kuku mwenye vifaranga anamuweza, radi inamuweza, na mdeki ukianza tu kugonga ndani ya mtutu yeye ameshaanza kurudi nyumbani. Mjomba alisema ni mbwa wa akiba.

Sasa tuje 1983. Wa umri wangu mnaujua ule mwaka. Vita ya Kagera dhidi ya Idi Amin imeisha lakini nchi imebaki imekauka, sabuni hakuna, sukari hakuna, betri za redio unaanika juani zikupe taarifa ya habari ya RTD kabla hazijafa tena. Foleni ya duka la ushirika unaweka jiwe kushika nafasi yako na asubuhi unakuta mawe yanagombana. Halafu Waziri Mkuu Sokoine akatangaza vita na wahujumi uchumi, walanguzi, wanaoficha bidhaa, misako ikaanza nchi nzima na watu wakaingia kiwewe. Tulikuwa tunasikia kuna waliotupa vitenge mtoni, wengine wanaacha magunia barabarani usiku wanakimbia mali yao wenyewe.

Nyumba yetu ilikuwa ya bibi, mama yake mjomba, zile nyumba za ukumbi katikati na vyumba huku na huku, bati juu, na bibi kwa uungwana wake alikuwa ameweka dari ya mbao tangu enzi za karanga zina bei. Chumba cha mbele kinachotazama barabara kilikuwa kimepangishwa, mpangaji kafungua duka. Huyu mwenye duka siku hizo alikuwa anauza kiberiti, chumvi, nyembe na nyuzi za kushonea. Ukimuuliza sukari anakuangalia kwa huzuni kabisa, anasema, "Sukari jirani? Mimi mwenyewe watoto wangu wamesahau rangi yake." Bibi alikuwa anamuonea huruma. Na bibi mwenyewe alikuwa anateseka, maana mtu wa chai yule, na Tabora asali ipo ya kumwaga lakini chai ya asali alikuwa haitaki, anasema inanuka moshi wa kurinia. Kila asubuhi anakunywa chai kavu, anakunja uso, anaweka kikombe chini, anasema, "Mola nipe sukari kabla hujanichukua." Hiyo ilikuwa dua yake ya kila siku, mkumbuke nimesema.

Basi siku hiyo mimi niko likizo, mjomba kaniamsha alfajiri, manyunyu yanadondoka, mvua zile za mwishomwisho. Nikamwambia mjomba baruti si italoa, akasema baruti ya mwanaume hailoi. Akalifunika gobore nailoni, tukavuka reli, Hamniwezi nyuma yetu kwa umbali wa kujiheshimu. Tulipofika pembeni ya shamba moja la karanga kukawa kumepambazuka, manyunyu yamekata, jua linachungulia, na ndorobo nao wakaamka. Ambaye hajang'atwa na ndorobo asifikirie mbu. Ndorobo anachoma juu ya shati, na pale umelala kifudifudi nyuma ya kichuguu hutakiwi kupiga kofi, hutakiwi kujikuna, hutakiwi hata kuguna. Mjomba alikuwa na mmoja kwenye shavu, namuona kabisa anavyovimba tumbo kwa damu, mjomba machozi yanamtoka lakini jicho liko mbele, maana mbele pale, mpaka leo nikisimulia napata jasho, kulikuwa na kundi la kanga ambalo sijawahi kuliona tena. Wamejipanga shambani wanafukua karanga za watu bila wasiwasi wowote, wanene, wengine wameshiba wamesimama tu wanapiga stori.

Mjomba akaninong'oneza, "Nguruwe hao." Nikashika kisu. Akanyanyua nyundo, kra. Kanga mmoja akainua kichwa. Mjomba akasema bismillahi Allahu akbar, akafyatua, mimi nikachomoka.

Ta.

Basi. Ni fataki peke yake imelia. Baruti ya mwanaume imeloa. Lakini mimi nishachomoka, kisu mkononi, niko katikati ya shamba napiga kelele ya vita nimezungukwa na kanga wazima wa afya njema, na nawaambia kanga kukutwa na kitu kama kile ni jambo jipya kwao, maana kwa sekunde nzima hawakukimbia, walinitazama. Halafu wakaondoka kwa miguu. Kanga haruki kama hajalazimika, anakimbia, na hawa hawakuona sababu ya kuruka. Mwenye shamba naye alikuwa kibandani kwake amelala analinda, katoka na rungu, anaona kijana na kisu kwenye karanga zake. Sitaeleza hapo kwa kirefu. Mjomba alikuja kuniokoa kwa kutoa kibali.

Mjomba alitaka kujaribu tena, kapapasa mfukoni, fataki zimeisha. Ile ilikuwa ya mwisho. Na fataki mwaka ule hazipatikani hovyo, labda mtu akuletee kutoka mbali huko. Kwa hiyo tukaanza kurudi nyumbani na gobore lililoshiba: baruti ndani, gololi ndani, fataki hakuna. Mjomba akanituliza, akasema gobore bila fataki ni bomba la maji tu, unaweza kulaza mtoto juu yake. Nikakubali, ndo mjuzi.

Njiani kwenye tuta la reli tukakutana na Bwana Nyama uso kwa uso, anasukuma baiskeli, cheni imekatika. Shikamoo, marahaba.

"Vipi nguruwe?"

"Wamehama, bwana mkubwa."

"Wote?"

"Mmoja tulimuona, lakini alikuwa na haraka."

Bwana Nyama akaangalia unyoya uliokuwa umenasa kwenye nywele zangu, sijui niliupatia wapi, akanyamaza. Akasema atapitia jioni achukue baiskeli, na palepale ataangalia kitabu cha ruhusa, maana kila unapopiga ulitakiwa kuandika tarehe na mnyama. Mjomba akasema karibu sana, chai ipo. Chai kavu, lakini ipo.

Mchana mvua ikarudi, na hii haikuwa manyunyu. Jiko la uani lilikuwa la nyasi, likawa linavuja juu ya mafiga, basi mke wa mjomba akaingiza jiko la mkaa ukumbini apikie hapo karibu na mlango wa uani. Jioni Bwana Nyama kafika kalowa, kapewa kigoda, bibi kwenye mkeka wake, mwenye duka naye kafunga duka kwa ajili ya mvua kaja kuota moto na kusikiliza maongezi. Mjomba akaona hii ndo nafasi. Akatoa gobore. Akaeleza, kwa sauti ya mwalimu kabisa, kwamba baruti ikiloa haiharibiki, inachotaka ni joto la taratibu na hewa. Hewa ataipata wapi? Kwenye tundu la fataki. Basi akalisimamisha gobore wima kwenye kona, kitako chini, mdomo juu, lile tundu la fataki limeelekea jikoni, kama hatua moja hivi kutoka kwenye makaa, akalifuta tundu kwa unyoya wa kuku ili hewa ipite vizuri. Bwana Nyama akauliza, "Hii ni salama?" Mjomba akasema gobore bila fataki ni bomba la maji. Bwana Nyama, mtu wa serikali, amesomea, akavuta kigoda chake nyuma kidogo, nusu futi hivi, akaridhika.

Sasa mkaa wa siku ile. Mkaa mkavu mzuri unawaka kimya. Mkaa uliouzwa na mlevi ambaye hakusubiri tanuri limalize kazi, ukiupepea, unalia pa! pa! na unarusha cheche. Mke wa mjomba alikuwa na hasira tangu asubuhi maana kitoweo alichoahidiwa kimemkimbia mjomba kwa miguu, kwa hiyo siku hiyo alikuwa anapepea kwa nguvu ambazo chai haikuzihitaji. Gobore limekaa pale linaota moto tangu saa kumi. Bibi kashika kikombe, kaonja, kakunja uso, ndo anaanza, "Mola nipe suka..."

BUUUUH.

Sijui niseme nini kuhusu mlio wa gobore ndani ya ukumbi wa nyumba. Porini unatawanyika, huku hauna pa kwenda, unaingia kwenye vyumba vyote, unatoka, unakurudia. Jiko likazimika kwa upepo. Moshi mweupe mzito ukajaa, harufu ya mayai viza, sioni mkono wangu. Gobore lenyewe lilipiga teke sakafu likaruka likaangukia kwenye ndoo. Hamniwezi tulikuja kumuona kesho yake. Nje nikasikia mzee mmoja wa nyumba ya pili anapiga ukelele, "Amin! Amin karudi!" na milango inafungwa mtaa mzima.

Ndani, kimya. Halafu katikati ya kimya kile nikasikia shiiii. Kitu kinamwagika juu yangu, chembechembe, kichwani, shingoni, kwenye shati. Nikajua ni vumbi la dari. Nikajua vilevile inawezekana nimekufa, sikuwa na uhakika. Moshi ukawa unapungua taratibu, nikamuona bibi amekaa vilevile kwenye mkeka wake hajasogea hata kidogo, kikombe bado kaking'ang'ania, na kutoka kwenye tundu la dari mkondo mweupe unashuka moja kwa moja mbele yake. Bibi akachovya kidole. Akalamba.

"Sukari," akasema. Tena hakushangaa. Ni mwenye nyumba aliyeletewa mzigo aliouagiza.

Hapo wote tukaangalia juu, halafu, sijui nani alianza, wote tukamwangalia mwenye duka.

Kumbe yule bwana tangu misako ianze alikuwa amepandisha magunia darini kupitia chumbani kwake, na kwa kuwa dari ile ilikuwa moja nyumba nzima haina ukuta juu, akawa ameyasukuma polepole usiku mpaka yakafika juu ya ukumbi wetu. Akili kubwa, ukweli usemwe. Yakikutwa yako juu ya bibi. Sasa gololi za mjomba zimepasua ubao na kufumua tumbo la gunia, na mali inashuka mbele ya macho ya afisa wa serikali, na mtaa unakuja, maana baada ya kuona Amin hatokei watu walitoka ndani wakafuata harufu.

Wa kwanza kufika alikuwa balozi wa nyumba kumi, kavaa shati la kijani kalikosea vifungo. Nyuma yake kina mama, watoto, mgambo mmoja ambaye hakuwa zamu, na yule mzee wa Amin kashika shoka. Balozi akasimama, akaangalia gobore kwenye ndoo, akaangalia tundu, akaangalia mkondo ambao haujakatika, akakohoa.

"Wananchi," akasema, "sukari hii ni ya nani?"

Kimya. Shiiii.

"Nauliza mara ya pili. Mwenye sukari hii ajitokeze tumtambue."

Nilimwangalia mwenye duka usoni na sijawahi kuona mtu anafanya kazi ngumu vile akiwa amesimama tu. Akisema yangu, anaondoka na mgambo. Akisema sio yangu, inaondoka na mtaa. Shingo ikameza mate mara kadhaa. Balozi akamgeukia yeye mwenyewe kwa jina la heshima kabisa, "Jirani, wewe ndo mtu wa biashara hapa, unaifahamu sukari hii?"

"Hapana, balozi," akasema, sauti imepungua. "Mimi hata rangi yake nimeisahau."

"Bibi?"

"Mimi nilimuomba Mola," bibi akajibu, "kama kuna wa kuulizwa muulizeni huko." Kikombe kimeshajaa, anakoroga.

Balozi akafikiri. Mtu akasema twende polisi, yule mgambo akasema polisi iko mbali na mvua inakuja, na kwa jinsi ilivyokuwa inamwagika mpaka tufike huko ushahidi utakuwa umeyeyuka. Hoja nzito. Balozi akatangaza kwamba kitu kisicho na mwenyewe ni mali ya umma, na mali ya umma hugawiwa kwa utaratibu, kila kaya kikombe kimoja, waanze wazee na wenye watoto wachanga, na akamwomba Bwana Nyama, akiwa ndiye mtumishi wa serikali aliyepo, asimamie haki. Bwana Nyama alikuwa chini ya benchi muda wote ule. Akatoka, akajikung'uta, akavua kofia ya kaki kuipangusa, akakuta kofia yenyewe imeshajaa, akairudisha mkononi kwa adabu akaiita mgao wake.

Ikapangwa foleni. Ndani ya ukumbi wetu, moshi bado haujaisha, watu wakapanga foleni kwa mazoea, na walioanza kuchomekea walitolewa. Mtoto mmoja aliweka jiwe. Na mwenye duka, hiki ndo kitu kilichomuua mjomba kwa kicheko miaka yote mpaka akawa anatoka nje akikumbuka, mwenye duka naye ilibidi apange, maana asingepanga watu wangejiuliza kwa nini mtu hana sukari nyumbani na hataki ya bure. Akasimama nyuma ya yule mzee wa shoka. Ilipofika zamu yake Bwana Nyama akampimia kikombe, akakisawazisha juu kwa kidole, kile kilichozidi akakirudisha kwenye beseni, akamwambia, "Ushukuru, jirani." Akashukuru.

Gololi zilikuwa humo humo kwenye sukari, hakuna aliyekumbuka kuchekecha. Kwa wiki nzima mtaani pale ulikuwa unasikia mtu anakunywa chai mara kree, anatema gololi kibarazani. Mjomba alituma watoto wazunguke nyumba kwa nyumba kuzikusanya, maana gololi nazo zilikuwa adimu, akazirudishia nyingine kwenye baiskeli za watu.

Watu walipotawanyika usiku ule Bwana Nyama akakumbuka kilichomleta. Akafungua kitabu cha ruhusa, akatoa penseli, akailamba, akasimama kidogo maana hata penseli ilikuwa tamu. Akamuuliza mjomba, "Umepiga mara moja leo. Mnyama gani?" Mjomba akaangalia dari. Bwana Nyama naye akaangalia dari. Akaandika, anasoma kwa sauti huku anaandika: "Nguruwe, mmoja. Amejeruhiwa. Hakupatikana." Na mwenye duka ambaye alikuwa bado amesimama mlangoni kwake na kikombe chake akasema taratibu, "Amejeruhiwa vibaya."

Usiku huohuo tulimsikia darini, anaburuta. Anasogeza kidogo anatulia, anasogeza kidogo anatulia, mjomba amelala chali anahesabu na kumsaidia kwa pole. Asubuhi magunia yaliyobaki hayakuwepo na hatukuuliza yameenda wapi. Lakini lile lililopasuka lilikuwa limeacha sukari kwenye nyufa za mbao, juu ya boriti, kila mahali, na mjomba alipotaka kupanda alizibe tundu, bibi akakataa katakata. Alikuwa ameshagundua kitu. Treni ya mizigo ikipita nyumba inatetemeka, na ikitetemeka, kwenye lile tundu panadondoka kijiko, wakati mwingine viwili. Akahamishia mkeka wake pale moja kwa moja. Akawa anazijua treni kuliko wenye stesheni, ya abiria haina maana, ni nyepesi, yeye anasubiri behewa za mafuta na saruji, akisikia honi kule mbali anafunua kikombe anakisogeza chini ya tundu, anaangalia juu. Na zilipoanza kuchelewachelewa alimtuma mjomba stesheni akaulize kuna nini, awaambie kuna watu huku wanakunywa chai kavu.